Pamba ya Kurume kwenye jalada la daftari: kwa nini gundi inapenya, na nini cha kufanya

Swali: "Kaka yangu anafanya kazi Fukuoka, Japani. Aliporudi likizo aliniletea mita mbili za pamba ya buluu yenye michoro myeupe, akasema inaitwa Kurume-gasuri. Mimi natengeneza madaftari ya mkono hapa Tanga na kuyauza. Nilijaribu kipande kidogo kwa gundi nyeupe ya seremala. Gundi ilipenya mpaka juu ikaacha madoa yanayong'aa, na kitambaa kikavutika kikaenda upande. Wajapani wanafanyaje? Na nitajuaje kama kweli ni cha kufumwa wala si cha kuchapishwa? Kukikata kwenyewe naona uchungu."

Jibu:

Weka mkasi chini kwanza, dada yangu, na hiyo gundi iweke kando. Kitambaa ulicholetewa kilifumwa kivaliwe. Kiangazi cha Kyushu, kisiwa chenye mkoa wa Fukuoka na mji wa Kurume, kina joto na unyevu mwingi, na watu wa huko walihitaji nguo inayopitisha hewa mwilini na kunyonya jasho. Kati ya uzi na uzi pameachwa nafasi kwa makusudi, na panapopita hewa gundi nayo hupita. Kitambaa cha kujalidia vitabu kinachouzwa tayari huwa kimezibwa kwa wanga au kimebandikwa karatasi kwa nyuma. Chako hakijafanyiwa hivyo, ndiyo maana kimenyonya gundi na kupinda. Inabidi wewe mwenyewe ukibandike karatasi nyuma, kazi ambayo Wajapani huiita urauchi. Nitakueleza namna yake kwa kirefu, ila naomba nianze na swali lako la pili, maana ukishajua kitambaa chako kilivyoundwa, mengi ya huko mbele utayaamua mwenyewe.

Wewe ni mtu wa pwani, tofauti ya kanga na kikoi huhitaji kufundishwa. Kanga huchapwa rangi juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa (na kanga nyingi walizovaa mama na bibi zetu katikati ya karne iliyopita zilichapwa Japani hiyohiyo kwa ajili ya soko letu). Mistari ya kikoi imo ndani ya nyuzi zenyewe, kwa kuwa uzi hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kurume-gasuri iko upande wa kikoi, ila imekwenda mbali zaidi. Hapa uzi mmoja hubeba rangi mbili. Mafundi hupiga hesabu ya mchoro, wakafunga mafungu ya nyuzi kwa kamba mahali panapotakiwa kubaki peupe, wakayachovya kwenye rangi, kisha wakafungua. Uzi hutoka na buluu, nyeupe, buluu tena, kwa vipimo vilivyopangwa. Kwenye kitanda cha mfumi, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) hukutanishwa ili vipande vyeupe viangukiane na mchoro utokee. Kwa kuwa nyuzi haziangukiani sawasawa kabisa, kingo za mchoro huwa na ukungu mwepesi. Ukungu huo ndio alama ya kasuri (ndiyo hiyo "gasuri" ya jina Kurume-gasuri), usidhani ni kasoro.

Kwa hiyo chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa, upitishe kwenye mwanga na uufuate kwa jicho toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona rangi inabadilika kwa mapana, buluu kisha nyeupe kisha buluu, na rangi imeingia mpaka ndani ya uzi, unayo kasuri. Geuza pia kitambaa: kasuri hulingana mbele na nyuma, wakati kitambaa kilichochapwa mara nyingi hupauka nyuma, na uzi wake ukiuchomoa huonyesha rangi upande mmoja tu.

Wateja wako hawataweza kuchomoa uzi wala kuona nyuma, kwa kuwa daftari litakuwa limeshabandikwa. Watakaokuuliza waonyeshe kwa kioo cha kukuza, hata kamera ya simu inatosha. Waangalie ukingo wa mchoro: kwenye kasuri, weupe huishia mahali tofauti kwenye kila uzi, mmoja mbele kidogo, mwingine nyuma. Kwenye kitambaa kilichochapwa, mpaka wa rangi hukata nyuzi zote mahali pamoja, kwani rangi haikujali uzi uko wapi.

Aliyeianzisha kasuri ya Kurume anajulikana kwa jina, jambo lisilo la kawaida kwa sanaa za watu wa kijijini. Ni Inoue Den, aliyezaliwa mwaka 1788 na kufariki 1869. Inasimuliwa kwamba akiwa bado msichana mdogo aliona madoa meupe kwenye nguo kuukuu iliyochujuka, akaifumua uzi baada ya uzi ili ajue madoa yale yamekaaje. Kutokana na hapo akabuni namna ya kuyaweka kwa kukusudia, kisha akaishi akifundisha wanawake wengine. Alipotaka kufuma picha kamili alisaidiwa na kijana wa mji huohuo, Tanaka Hisashige, ambaye baadaye akawa miongoni mwa wavumbuzi wakubwa wa Japani, na karakana yake ni mojawapo ya chimbuko la kampuni ya Toshiba. Hadithi hii naipenda kuliko zote za ufumaji, kwa sababu mwanzo wake ni mtoto aliyetazama nguo iliyochakaa kwa makini kuliko watu wazima waliomzunguka.

Mwaka 1957 serikali ya Japani iliitangaza Kurume-gasuri kuwa urithi muhimu wa utamaduni usioshikika, na ili kipande kihesabiwe katika daraja hiyo, nyuzi lazima zifungwe kwa mkono, zitiwe rangi ya nili ya asili, na zifumwe kwa kitanda cha mkono. Kitambaa cha namna hiyo ni ghali sana na kwa kawaida huuzwa jora zima la kimono, vazi la jadi la Kijapani. Mita mbili ulizoletewa kama zawadi, kwa uzoefu wangu, yaelekea zilifumwa kwa mashine na kutiwa rangi ya kiwandani katika karakana mojawapo za Kurume, Yame, Hirokawa au Chikugo. Usivunjike moyo. Mashine zenyewe ni za zamani, nyembamba, zinazorusha pisi (kijiti kinachobeba uzi wa mshindio) huku na huku taratibu, na mchoro bado umefungwa kwenye uzi kabla ya kufumwa. Mashine za aina hiyo ndizo zilizompa jina Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867 katika nchi ya wafumaji wa pamba huko Shizuoka. Mwaka 1924 alikamilisha mashine ya kufuma inayobadilisha pisi yenyewe bila kusimama, na kampuni yake ya mashine za kufuma ndiyo iliyozaa kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937. Kwa daftari la kushikwashikwa kila siku mimi ningechagua cha mashine kuliko cha mkono. Rangi yake ni imara zaidi, na bei yake haitamtisha mnunuzi wako.

Sasa vipimo. Pima upana wa kitambaa toka ukingo hadi ukingo. Utapata sentimita 36 hadi 38, kwa sababu kitambaa cha kimono hufumwa kwa upana wa pande moja la nguo. Watu wengi wakiona wembamba huo hulalamika. Mimi naona kitambaa kinakuambia kinataka daftari la ukubwa gani. Chukua daftari la A5: kadibodi mbili za sentimita 14.5, mgongo wa 1.2, nafasi mbili za bawaba za milimita 7 kila moja, na sentimita 1.5 za kukunjia ndani kila upande. Jumla ni 34.6, yaani daftari lililofunguliwa linakaa ndani ya upana wa kitambaa na karibu hakuna kinachopotea. Kwa urefu unahitaji sentimita 24.6. Mita mbili zingetoa majalada manane kwenye karatasi ya hesabu, lakini kitambaa kitapungua kidogo kikioshwa, na utahitaji nafasi ya kupanga mchoro. Hesabu saba.

Ukikata hivyo, mtande unasimama sambamba na mgongo wa daftari. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa nyuzi za mtande hazivutiki sana na bawaba hufunguka na kufungwa bila kupinda upande. Ukitaka A4 utakwama. Upana wa daftari lililofunguliwa unazidi kitambaa, na itabidi ukilaze ubavu, au mgongo uwe wa kitambaa kingine. Kwa kasuri ya mauamaua kulaza si neno. Kwa pamba za mistari, kama ile ya Aizu kule Fukushima au ya Matsusaka kule Mie, mistari yote italala, na daftari linabadilika sura kabisa.

Kuhusu uchungu wa kukata nakuelewa, ila sikiliza mambo mawili. Kimono chenyewe hukatwa kwa mistari iliyonyooka tu, upana mzima wa kitambaa, ili siku moja kiweze kufumuliwa na pande zake zitumike tena. Mkato ulionyooka haukivunjii heshima kitambaa hiki. Jambo la pili lanigusa zaidi mimi kama fundi wa vitabu. Katika enzi ya Edo, iliyokwisha mwaka 1868, na miaka mingi baada yake, wanawake wa vijijini Japani waliweka madaftari yanayoitwa shima-cho. Walichukua karatasi, mara nyingi za vitabu vya hesabu vilivyokwisha kazi, wakabandika humo vipande vidogo vya kila pamba waliyofuma wao au waliyoipenda kwa jirani. Wakulima walikatazwa hariri, kwa hiyo ubunifu wao wote waliumimina kwenye pamba. Mtu akitaka kufuma nguo mpya alifungua daftari akachagua. Baadhi ya madaftari hayo yamo kwenye makumbusho leo, na pamba iliyobandikwa humo imehifadhika vizuri kuliko nguo zilizofumwa pamoja nayo. Pamba na daftari ni majirani wa siku nyingi huko, na wewe hukianzishii kitambaa jambo geni.

Kabla ya urauchi, kioshe. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni mpaka kilowe chote, kwa muda wa saa moja hivi, kisha tazama maji. Yakiwa na buluu, badilisha na urudie mpaka yatulie. Nili ya asili haiyeyuki kwenye maji, lakini chembe zake hukaa juu juu ya uzi na hutoka kwa kusuguliwa. Kwa hiyo baada ya kukausha kivulini fanya jaribio la pili: sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikichafuka sana, rudia kuosha, la sivyo kurasa za kwanza za daftari na mikono ya mnunuzi vitakuwa vya buluu. Kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo, ukivuta pembe mpaka mtande na mshindio vikutane kwa pembe mraba.

Karatasi ya nyuma ndiyo siri. Inatakiwa nyembamba, kati ya gramu 20 na 35 kwa mita ya mraba, lakini yenye nyuzi ndefu zisizokatika ikilowa. Wajapani hutumia karatasi ya magome ya mforosadi wa karatasi, wanayoiita kozo. Mwambie kaka yako aende Yame, karibu tu na Kurume. Mji huo unatengeneza karatasi ya mkono yenye nyuzi ndefu sana, na hapo kitambaa na karatasi yake vitakuwa vimetoka bonde moja. Karatasi ya kuchapia ya ofisini haifai. Ni nene, nyuzi zake fupi, na itakatika kwenye bawaba.

Gundi pika mwenyewe. Tafuta wanga wa ngano, si unga. Ukikosa, kanda donge la unga, lioshe ndani ya bakuli la maji mpaka ibaki ile nyama inayovutika, acha maji yatulie usiku, mwaga ya juu, na mashapo meupe yaliyobaki chini ndiyo wanga. Changanya kipimo kimoja cha wanga na vinne au vitano vya maji, pika moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka uache weupe na kuwa kama kioo chenye ukungu. Ukipoa, uchuje kwa kitambaa, kisha ongeza maji mpaka uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa. Kwa joto la Tanga pika kidogo kidogo, maana baada ya siku mbili tatu unaanza kunuka.

Tandaza kitambaa uso chini juu ya meza ya fomaika au kioo. Kinyunyizie maji mpaka kishike meza, kisha chukua muda wako kunyoosha nyuzi kwa brashi laini na vidole. Mshindio ukiwa umepinda hapa, utabaki umepinda miaka yote ya daftari hilo, na jicho la mnunuzi litaona hata kama hajui anachokiona. Pembeni, juu ya meza nyingine, paka karatasi wanga kwa brashi pana, ikiwa kubwa kuliko kitambaa kwa sentimita mbili kila upande. Inyanyue kwa rula ndefu iliyowekwa kwenye ukingo mmoja, ishushe polepole juu ya kitambaa, na ipige brashi toka katikati kwenda nje. Baadaye ipigepige kwa brashi ngumu iliyosimama wima, ili nyuzi za karatasi zishikane na za pamba. Wanga huu mwepesi hukaa kati ya karatasi na uzi bila kupanda juu, na hata ukipanda kidogo hukauka bila kung'aa. Gundi ya seremala hukauka kuwa plastiki, ndiyo maana madoa yako hayatoki.

Sasa paka wanga mzito kidogo kwenye zile sentimita mbili za karatasi zilizozidi pembeni, nyanyua vyote pamoja, ubandike kwenye ubao wa plaiwudi uliopakwa vanishi, uso wa kitambaa ukitazama nje. Acha sehemu moja ya ukingo bila wanga ili baadaye upate pa kuingizia kisu. Kikikauka kitajivuta chenyewe na kunyooka. Msimu wa masika kipe siku mbili au tatu, mbali na jua. Usikiharakishe kwa feni iliyoelekezwa moja kwa moja, kwa kuwa upande mmoja utakauka kabla ya mwingine na karatasi itapasuka. Ukikibandua utakuta kitambaa kinachokatika vizuri kwa kisu, kisichofumuka pembeni, na kinachopokea gundi nyuma bila kuchafuka mbele.

Kabla ya kukata, tengeneza dirisha la kadibodi lenye ukubwa wa uso wa jalada, ulisogeze juu ya kitambaa mpaka mchoro ukae unavyotaka. Kwa kasuri ya mauamaua makubwa mimi huweka ua la kati juu kidogo ya nusu ya jalada, kwani likiwa katikati kabisa macho hulihisi limeshuka.

Kubandika kwenye kadibodi hapo ni kazi unayoijua. Changanya nusu ya gundi yako nyeupe na nusu ya wanga, paka nyembamba kwenye upande wa karatasi. Hakikisha nyuzi za kadibodi, za karatasi za ndani na za kurasa zote zinakwenda sambamba na mgongo: pinda kadibodi huku na huku, upande unaopinda kwa urahisi ndio unaoonyesha mwelekeo. Pembe zikate kwa mshazari ukiacha umbali wa unene wa kadibodi mmoja na nusu, usizidishe, la sivyo ncha itachungulia. Kisha lilaze daftari chini ya uzito kati ya karatasi safi usiku kucha.

Kuhusu kushona, wengi huvutiwa na mshono wa Kijapani wa matundu manne pembeni. Ni mzuri kwa macho, na kwa albamu au kitabu cha mashairi unafaa, lakini daftari lake halilali wazi juu ya meza. Anayeandika kila siku atakuchukia. Shona kwa mafungu: karatasi nne zilizokunjwa pamoja, mafungu manane au kumi, uzi wa kitani uliopakwa nta. Baadhi ya madaftari ya kuandikia yanayotengenezwa Japani leo hushonwa kwa mafungu pia, na hakuna anayeyaona si ya Kijapani.

Jambo la pwani yetu: wanga ni chakula, na mende wanajua hivyo. Madaftari yaliyo tayari yaweke kwenye boksi linalofungika, mahali pakavu penye hewa, na yafungue mara kwa mara msimu wa mvua uone kama kuna ukungu. Usiyapange dirishani dukani. Jua hula buluu, na utakuwa na daftari la rangi mbili, mbele limepauka na nyuma bado jipya. Usinyunyizie kinga yoyote ya kuzuia maji juu ya kasuri. Hufunga ule ukungu wa kingo na kukipa kitambaa ugumu wa mfuko. Mnunuzi akiuliza doa hutolewaje, mwambie kitambaa chenye unyevu kidogo, kupapasa, basi.

Ikiwa baada ya haya yote mkono bado unasita, kuna njia nyingine wanayoitumia sana huko Japani: shona ala ya kitambaa yenye mifuko miwili ya ndani, inayovalishwa daftari la kawaida na kuvuliwa likijaa. Haihitaji urauchi, inafuliwa, na kwa mikono yenye jasho la mchana wa Tanga huenda ikauzika haraka kuliko jalada lililobandikwa. Ningekushauri ufanye majalada matano na ala moja, usikilize wateja, kisha ndipo umwagize kaka yako kingine.

Vipande vitakavyobaki usivitupe. Kimoja kibandike kwenye ukurasa wa daftari lako mwenyewe, uandike pembeni kitambaa kilitoka wapi, mwaka gani, upana wake, kilipungua kiasi gani kilipooshwa, na wanga ulikuwa mzito kiasi gani. Kaka akileta pamba ya Aizu au Matsusaka, fanya vivyo hivyo kwenye ukurasa unaofuata.